Friji Inayochoka Saa Saba

Kila siku ilipotimu saa saba mchana, friji ya bucha la shemeji wa Fundi Sikio ilichoka. Asubuhi ikiwashwa ilikuwa nzima kabisa. Ukiweka kiganja kwenye kioo unakitoa haraka. Saa saba ikifika, kompresa iliendelea kunguruma kama kawaida, lakini ubaridi ulikatika, kioo kikaingia ukungu, na nyama ikaanza kutoa jasho. Dawa yake ilikuwa moja tu, na aliyeitoa ni Fundi Sikio mwenyewe: izime saa nzima, ipumzike. Na kweli, ikishapumzika iliamka na kupiga kazi mpaka jioni. Miaka mitatu mambo yakaenda hivyo.

“Hata mimi nachoka,” shemeji alizoea kumwambia huku akinoa kisu. “Lakini hujaona nikijizima mbele ya wateja.”

“Wewe utachokaje, shemeji? Kazi yako ni kukaa na kufukuza nzi.”

“Nzi wenyewe umeniletea wewe na friji yako.”

Wakacheka, yakaisha.

Aliitwa Sikio kwa sababu ya namna yake ya kufanya kazi. Vipimo hakuwa navyo. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha aliigusisha kwenye kompresa, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Akiyafumbua alikuwa ameshajua: valvu imelika, mafuta yamepungua, beringi inaondoka. Aliacha shule darasa la sita, akaingia karakana kufagia, na miaka ishirini na sita baadaye hapakuwa na friji mtaani ambayo hakuwahi kuifungua mgongo. Hakujivuna sana, lakini alijivuna.

Kazi yake kubwa ilikuwa hospitalini. Kule kulikuwa na chumba cha baridi cha kuhifadhia dawa na chanjo, na kwa miaka kumi na moja chumba kile kilikuwa mikononi mwake. Mkuu wa ghala alikuwa mama mmoja mfupi, asiyependa maneno ya kuzungukazunguka. Siku moja alimwita, akamwonyesha kiti, na Sikio akajua kuna jambo, maana kiti kile hakikuwahi kuwa cha mafundi.

“Fundi, wakaguzi walikuja. Wakauliza nani anashughulikia chumba cha baridi. Nikawaambia ni wewe. Wakauliza cheti.”

“Ukawaambiaje, Mama?”

“Nikawaambia una masikio.”

“Wakasemaje?”

“Hawakucheka.”

Sikio akakuna kidevu. “Miaka kumi na moja haijaharibika hata chupa moja.”

“Najua. Nimewaambia na hilo. Wameandika: hakuna cheti. Wametoa miezi minne. Ikiisha bila karatasi, chumba wanakabidhiwa watu wa kampuni, na mimi sitakuwa na la kusema.” Akafungua droo, akatoa kipeperushi kilichokunjwa. “Chuo cha jamii kina kozi fupi. Wiki kumi na mbili, jioni. Nenda.”

“Nikasome? Na umri huu?”

“Ukasome. Meno unayo bado.”

*

Chuo kilikuwa nyuma ya soko, majengo matatu marefu yaliyopakwa rangi ya krimu. Sikio alitarajia kukuta watoto wenye mabegi mgongoni. Alikuta watu wazima waliotoka kazini, wengine na sare zao, wengine wakitafuna mkate wakitembea. Kila mlango ulikuwa na karatasi: wiki nane, wiki kumi na mbili, wiki ishirini. Siku ya kwanza alichelewa darasani kwa sababu alichungulia kila mlango. Katika chumba kimoja akina mama walikuwa wakimgeuza ubavu mdoli wa mpira aliyelala kitandani, wakijifunza kuhudumia wazee. Kingine, jibaba lenye mikono kama makasia lilikuwa linatafuta herufi kwenye kompyuta, kidole kimoja kimoja, kama anayeponda kunguni. Kila mtu alikuwa anasomea kipande kimoja cha maisha, kile atakachokihitaji Jumatatu ijayo.

Mwalimu wake alikuwa binti aliyelingana na kifungua mimba wake. Ovaroli safi, kalamu nne mfukoni.

“Karibu, mzee wangu.”

“Mzee ni baba yangu. Mimi ni fundi.”

“Basi karibu, fundi wangu. Kaa mbele, tusikie uzoefu.” Akawageukia wote kumi na watatu. “Ukijaza gesi kwenye friji, unajuaje kama imetosha?”

Sikio akanyoosha mkono kabla swali halijatua. “Unashika bomba la kurudi kwenye kompresa. Likianza kutoa jasho, imetosha.”

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

“Ni kweli linatoa jasho,” akasema. “Hilo jasho linatoka wapi?”

Sikio akakitazama kiganja chake. Maelfu ya mabomba alikuwa ameyashika, na hakuna hata moja alilowahi kuliuliza. Jasho lilikuwa jasho. Alirudi nyumbani jioni ile swali likimtembea kichwani kama mchwa, na kabla ya kula alitoa chupa ya maji kwenye friji yake mwenyewe, akaiweka mezani, akaikodolea macho mpaka ikalowa.

Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, akanyanyua uso kutoka kwenye cherehani. “Chupa imekukosea nini?”

“Imelowa nje. Maji yako ndani, kizibo kimefungwa. Haya ya nje yametoka wapi?”

“Huko chuoni wanawafundisha au wanawaroga?”

“Yametoka hewani, mke wangu. Humu ndani tunapumua maji.”

“Basi pumua polepole, kitambaa cha watu kisilowe.”

Toka siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Kusoma kulimpa taabu. Alifuata mstari kwa kidole, na neno refu alilivunja vipande kama mkaa. Lakini maswali hayakumwisha. Akiona sufuria inachemka anasimama. Akiona kioo cha gari kimeingia ukungu anauliza mwenye gari, ambaye hataki kuulizwa.

Wiki ya tano mwalimu alileta mtungi wa kioo wenye maji nusu. Akaufunga kwa mfuniko wenye bomba, bomba akaliunganisha na pampu ya kuvuta hewa, akawasha. Hapakuwa na moto mahali popote. Baada ya muda maji yakaanza kutoa viputo, kwanza viwili vitatu, halafu yakafoka na kupiga kelele kama maji ya chai.

“Nani anathubutu kushika?” mwalimu akauliza.

Sikio alikuwa ameshafika. Akaugusa mtungi kwa ncha ya kidole, kisha kwa kiganja kizima. Ulikuwa wa baridi. Maji yanachemka, na ni ya baridi.

“Ukiondoa hewa,” mwalimu akasema, “maji hayasubiri moto. Yanageuka mvuke yenyewe, na pampu inauvuta mvuke unatoka nje. Ndiyo maana hatufungi mfumo wa friji bila kuuvuta kwa pampu. Ndani ya mabomba kuna unyevu ulioingia na hewa, na hautoki kwa kupulizwa. Nani hapa huwa anatumia pampu?”

Mikono minne. Wa Sikio haukuwamo. Yeye alikuwa anapuliza mabomba kwa gesi kidogo, fyuu, anafunga. Ndivyo alivyofundishwa. Wakati ule hata hilo halikumsumbua. Alikuwa bado kwenye ule mtungi.

“Leo nimeona maji yanachemka bila moto,” alimwambia mkewe.

“Safi. Uwe unanipikia chai huko huko.”

*

Kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa hii: kila mwanafunzi atafute mashine mbovu, kweli mbovu, aitengeneze, kisha ajaze fomu yenye sehemu nne. Dalili. Vipimo. Chanzo cha hitilafu. Tiba. Atasimama mbele ya watahini wawili kuieleza, na nakala itapelekwa kwa mwajiri. Ukishindwa hapo, wiki zote kumi na mbili zimekwenda na maji.

Sikio hakuhitaji kutafuta. Alikuwa na friji inayochoka.

Alifika buchani saa mbili asubuhi na geji za kupimia msukumo wa gesi, za kuazima chuoni, akazifunga kwenye mabomba, akageuza kreti akakaa. Kila nusu saa aliandika mshale uko wapi.

Shemeji akamtazama weee. “Umekuja kutibu au kukesha msiba?”

“Nasubiri ichoke.”

“Miaka mitatu nakwambia inachoka, leo ndiyo unataka kuiona?”

“Leo ndiyo najua pa kuangalia.”

Saa sita na nusu mshale ulikuwa palepale. Saa saba kasoro dakika kumi ukatikisika. Ukaanza kushuka, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, ukapita sifuri ukazama chini yake. Kompresa inavuta, hakuna kinachokuja. Sikio akatoa bisibisi yake, mpini sikioni, ncha akaiweka pale mrija mwembamba unapoingia kwenye koili ya ubaridi. Tangu asubuhi pale palikuwa na sauti ya gesi ikipita, kama mtu anayefyonza chai ya moto. Sasa palikuwa kimya.

“Shemeji, nipe kitambaa na maji ya moto.”

“Sasa unaikanda?”

Akakiloweka kitambaa, akakizungushia palepale kwenye kiungo, akakishika. Akasubiri. Kisha mpini wa bisibisi ukamnong’oneza: tik, halafu ssss. Mshale ukaruka. Kioo kikaanza kupata baridi, bila kuzimwa, bila kupumzishwa.

“Barafu,” Sikio akasema. “Ndani ya mrija kuna maji. Asubuhi yanazunguka na gesi, yanaganda kidogo kidogo pale mlangoni, ikifika saa saba yamezuia njia. Ukiizima yanayeyuka. Haikuwa inachoka, ilikuwa inakabwa.”

Shemeji akaweka kisu chini. “Maji? Kwenye bomba lililofungwa? Nani kayatia?”

Lilikuwa swali zuri, na Sikio alikuwa na jibu kabla hajalitaka. Karibu miaka minne nyuma, wiki ya mvua. Alibadilisha kompresa ya friji hii. Mpya ilichelewa, mabomba yakakaa wazi siku mbili, yamezibwa kwa kitambaa tu. Chujio la kunyonya unyevu hakulibadilisha kwa kuwa machoni lilikuwa zuri. Akapuliza fyuu, akafunga. Baada ya miezi minane friji ikaanza kuchoka, naye akaipa likizo ya saa moja. Kibaya ni kwamba dawa ile ilifanya kazi. Ingeshindwa, angeuliza.

“Hewa ina unyevu, shemeji,” alisema, akaishia hapo.

Alifunga chujio jipya, akavuta kwa pampu saa tatu nzima, akajaza gesi kwa kuipima. Kesho yake, saa nane, simu ikalia.

“Fundi, kuna tatizo,” shemeji akasema.

“Tatizo gani?”

“Haichoki. Nimesimama na mkono kwenye swichi saa nzima kama mjinga.”

*

Dalili alizijaza. Vipimo alivinakili vizuri, nusu saa kwa nusu saa. Kalamu ilikwama kwenye sehemu ya tatu, chanzo. Alifikiria ile nakala itakayokwenda kwa mwajiri. Alimwona mkuu wa ghala akiisoma, na wakaguzi wasiocheka wakiisoma begani kwake. Mwisho akaandika: Unyevu ulioachwa ndani na fundi aliyetangulia. Akaisoma tena kwa kidole. Haikuwa uongo. Akaikunja.

Watahini walikuwa bwana mmoja mnene, miwani ikining’inia kifuani, na mama aliyekuwa akiandika tu bila kusema. Mwalimu alikaa pembeni; hakuruhusiwa kufungua kinywa. Sikio akaeleza. Alieleza mshale, akaeleza kitambaa cha moto, na alipofika kwenye maji yanayochemka bila moto alisahau kuwa yuko kwenye mtihani, akawa anachora hewani kwa mikono.

Yule bwana alifurahi. Akapiga meza. “Unaona? Hawa ndio ninaowasema kila siku. Mafundi wa bisibisi! Miaka ishirini mtu anafungua na kufunga, hajui kilichomo. Watu kama huyo wanyang’anywe hata koleo.” Akavaa miwani, akaangalia fomu. “Huyu fundi aliyetangulia, ulimjulisha alichofanya?”

Feni ya darini ilizunguka, ikazunguka. Angesema tu kwamba alihama, hajulikani alipo. Mafundi huhama. Pembeni, mwalimu alikuwa anaiangalia ile bisibisi yenye mpini wa mbao, iliyochomoza kwenye mfuko wa Sikio.

“Anajua,” Sikio akasema.

“Akasemaje?”

“Bado hajasema. Ndiyo anajikaza aseme.” Akasogea mezani. “Ni mimi, bwana mkubwa. Naomba hiyo karatasi.”

Akapewa. Akayakata kwa mstari yale maneno “fundi aliyetangulia”, juu yake akaandika: mimi mwenyewe. Aliandika kwa haraka, wino ukachafua. Yule bwana akavua miwani, akaivaa, akaivua tena.

Ndipo mama wa kimya akaweka kalamu chini. “Kompresa ngapi umebadilisha kwa namna hiyo?”

“Sijahesabu.”

“Hesabu.”

Akahesabu kwa vidole, kwa sauti. Muuza maziwa. Jiko la shule. Duka la samaki, mara mbili. Nyumba ya wageni. Alipofika kidole cha sita akakishikilia.

“Cha sita?” mama akauliza.

“Chumba cha baridi cha hospitali.”

“Kinasumbua?”

“Hapana. Kizima.”

“Friji ya buchani ilianza kusumbua baada ya muda gani?”

“Miezi minane.”

“Na hospitali una mingapi tangu uifunge?”

“Sita,” Sikio akasema, akasimama. “Samahani. Mtihani umekwisha?”

*

Hakusubiri matokeo. Alisaini fomu ya kuazima pampu, akaibeba begani, na ile nakala ya mwajiri akaipeleka kwa mkono. Mkuu wa ghala aliisoma amesimama. Alipofika sehemu ya tatu alirudi juu, akaianza upya.

“Hii umeandika mwenyewe?”

“Mwenyewe, Mama.”

“Na chumba changu?”

“Nilikifunga vilevile, pamoja na friji za watu wengine wanne. Ndiyo nimekuja.”

Mama akaikunja ile karatasi polepole mpaka Sikio akatamani atukanwe. “Wakaguzi wanataka karatasi inayosema unajua. Wewe umeniletea inayosema ulikuwa hujui.”

“Ni karatasi ileile, Mama.”

Akamtazama, kisha akapiga kelele kwenye korido dawa zote zihamishiwe friji za wodini, sasa hivi, na kila sanduku liandikwe lilikokwenda. Sikio akatoa gesi yote, akakata chujio la zamani, akafunga jipya. Kando ya chujio akaunganisha kitu ambacho chumba kile hakikuwahi kuwa nacho: kidirisha cha kioo, kidogo kama kifungo cha koti, chenye doa katikati. Akawasha pampu. Ikavuma.

Mama alikuja baada ya saa moja, akakuta fundi amekaa sakafuni. Akaleta viti viwili.

“Hilo dude linavuta nini muda wote huo, na ndani hamna kitu?”

“Maji, Mama. Ndani ya mabomba yanachemka sasa hivi.”

Akagusa bomba. “La baridi hili.”

“Ndiyo!” Sikio akasema, na akacheka kama aliyepata mwenzake. Akamweleza habari ya mtungi, yote, na mama aliyechukia maneno mengi akasikiliza mpaka mwisho na kuuliza maswali matatu. La tatu Sikio hakulijua. Akaliandika kwenye kiganja ili akamuulize mwalimu.

Alipokwisha kujaza gesi na kuwasha chumba, simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa mwalimu: Fundi wangu umepita. Wamekukata alama tano kwa kuchafua fomu. Cheti Ijumaa. Pampu irudi kesho.

Alimwonyesha mama. Mama akasoma, akarudisha simu.

“Na wale wengine wanne?”

“Kesho naanza na shule. Pampu nitaomba waniongezee siku.”

“Hutaomba. Nitawaandikia barua mimi.” Akasogeza kiti karibu na kidirisha, akainama. “Hili doa ni la njano. Kosa?”

“Kipya huja kikiwa njano, kimekaa hewani. Kama ndani ni pakavu, kitageuka kijani chenyewe. Kama kuna maji, kitabaki hivyo, na mimi nitaanza upya.”

“Kinachukua muda gani?”

“Kitabu kinasema masaa. Sijawahi kukiona kikigeuka, Mama.”

“Hata mimi.” Akavaa miwani yake ya kusomea. Wakakaa hivyo, vichwa viwili mbele ya kioo kidogo kama kifungo, kompresa ikinguruma nyuma yao, na kila baada ya muda mmoja alimuuliza mwenzake kama bado ni njano.